Kuchuja: Sauti, Mashine na Lugha Katika Miji Mitatu

Neno kuchuja lina kazi tatu katika Kiswahili. Jikoni, mpishi huchuja tui: nazi iliyokunwa hukamuliwa, tui hupita, machicha hubaki. Kwenye kamba ya nguo, kanga huchuja: rangi iliyokuwa nyekundu siku ya sikukuu hufifia kwa kufuliwa, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ofisini, watu hupitishwa katika mchujo: majina mengi huingia, machache hutoka, na aliyeketi nyuma ya meza ndiye ajuaye kipimo. Mpishi huchagua, kanga haichagui, mwombaji huchaguliwa. Aliyepitia kambi ya wakimbizi kabla ya kupewa makazi Marekani anazijua maana zote tatu.

Ipo mashine ambayo kazi yake yote imo ndani ya neno hili: kichujio cha sinthesaiza ya analogi, hasa ile ya moduli, ambayo kila kipande chake kina kazi moja na vipande huunganishwa kwa nyaya. Kipande kimoja, osileta, hutoa sauti ghafi. Kichujio huipokea na kuipunguza. Wapenzi wa ala hizi hubishana kuhusu vichujio kuliko jambo jingine lolote: hiki ni kinene, kile ni kikavu, kile kingine kinalia kama ndege. Kwa mgeni ubishi huo ni wa ajabu. Ikiwa chombo hakitoi sauti bali huondoa tu, tabia yake inatoka wapi?

Swali hilo lina historia inayogusa miji mitatu ya Marekani, Louisville, Columbus na Buffalo, ambayo leo inajulikana kwa Waswahili wa ughaibuni kwa sababu tofauti kabisa. Ni miji ambamo Wakongomani wa Kivu, Wasomali na Wazigua wa bonde la Juba wamepewa makazi, na ambamo Kiswahili husikika kwenye vituo vya basi na kumbi za harusi. Historia hizi mbili, ya mashine na ya watu, hazikuwahi kukutana. Lakini swali lao ni moja.

Louisville ilitangulia. Mwaka 1953 okestra ya mji huo, chini ya kondakta Robert Whitney, ilipewa na Wakfu wa Rockefeller dola 400,000 ili kuagiza na kurekodi muziki mpya. Miongoni mwa kazi zilizotokana na mpango huo ni ile ya Otto Luening na Vladimir Ussachevsky, Rhapsodic Variations, iliyopigwa Machi 1954, ikiweka mashine ya kanda za sauti jukwaani pamoja na okestra nzima. Hapakuwa bado na sinthesaiza ya kuuzwa dukani. Watunzi walirekodi sauti, wakazipunguza mwendo, wakazigeuza kinyumenyume, wakazikata kwa wembe na kuziunga kwa gundi. Ussachevsky mwenyewe alizaliwa Manchuria kwa wazazi Warusi. Alifika Marekani akiwa na lugha ambazo majirani zake wapya hawakuzijua.

Hata hivyo, Afrika ilikuwa imeshaingia katika kazi hii miaka kumi kabla. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zaar, jamaa wa karibu wa ngoma za pepo zinazojulikana katika mwambao wetu, kwa mashine iliyonasa sauti kwenye waya wa chuma. Kisha akaipeleka rekodi ile studio ya redio na kuanza kuondoa. Aliondoa sauti za chini zinazoshika msingi wa wimbo na kuziacha zile za juu, nyepesi, ambazo kwa kawaida sikio huzisikia bila kuzitambua. Kilichobaki hakikufanana tena na waimbaji, lakini hakikuwa kitu kigeni. Kilikuwamo ndani ya wimbo tangu mwanzo. Baadaye El-Dabh alifanya kazi katika studio ya akina Luening na Ussachevsky huko New York, akafundisha Addis Ababa, na tangu 1969 akawa Kent, katika jimbo la Ohio, hadi alipofariki mwaka 2017.

Jambo alilolifanya El-Dabh kwa vyombo vya redio lilikuja kuwekwa ndani ya kisanduku na Robert Moog. Ombi lake la hataza ya kichujio liliwasilishwa mwaka 1966 na kukubaliwa mwaka 1969. Mwaka 1971 kampuni yake ilihama kutoka kijiji cha Trumansburg kwenda Williamsville, kitongoji cha Buffalo, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha jelatini. Hapo ndipo zilipoundwa kwa wingi Minimoog, ala ndogo ya kubebeka iliyoweka mezani kiini cha mitambo mikubwa ya moduli. Hadi uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, ala zaidi ya 12,000 zilikuwa zimetengenezwa.

Ili kuelewa kisanduku kile kinafanya nini, inafaa kuanza na sauti ghafi. Osileta ikitoa wimbi la meno ya msumeno lenye hezi 100, haitoi hezi 100 peke yake. Hutoa pia 200, 300, 400 na kuendelea, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Hizo ndizo haramoniki. Zikiwapo zote, sauti ni kali, ya kukereza, kama msumeno wenyewe. Kichujio cha Moog huruhusu zilizo chini ya mpaka fulani zipite na huzipunguza zilizo juu yake. Mpaka ukiwekwa kwenye hezi 500, sauti huwa ya mviringo. Ukishushwa hadi 150, hubaki mvumo tu. Tofauti na kichujio cha kawaida cha redio, mpaka huu unaweza kusogezwa na umeme wenyewe, kwa volti, hivyo husogea wakati noti inaendelea kulia. Mwendo huo ndio ulioshangaza masikio ya miaka ile.

Saketi yake huitwa ngazi, na kweli inafanana nayo: jozi za transista zimepangwa moja juu ya nyingine, na kila kipago kina kapasita yake. Vipago ni vinne. Kila kimoja huondoa desibeli 6 kwa oktava, jumla 24. Maana yake, oktava moja juu ya mpaka, sauti hubaki takriban sehemu moja ya kumi na sita ya ukubwa wake. Ni mteremko mkali. Vichujio vingine vina mteremko wa 12, na vinapitisha zaidi ya kile wanachodai kukizuia. Ndiyo maana sikio huvitambua.

Lakini mteremko peke yake hauelezi kila kitu. Transista hazina unyoofu kamili. Zikilishwa sauti kubwa, huviringisha vilele vya mawimbi, na katika kuviringisha huko huzaa haramoniki ambazo hazikuwamo. Chujio la ukili huachia tui harufu kidogo ya ukili. Vivyo hivyo kichujio hiki, kinachodaiwa kuondoa tu, huacha alama ya mwili wake. Mafundi husimulia kwamba unene unaosifiwa wa Minimoog ulitokana na kosa la hesabu: sehemu ya kuchanganyia sauti ilikilisha kichujio nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Hawakuwa peke yao. Kampuni ya ARP, ilipoacha saketi ya ngazi iliyolindwa na hataza ya Moog, iliunda kichujio kingine, 4072, ambacho kwa kosa la usanifu hakikuweza kufunguka zaidi ya takriban hezi 12,000. Ala zenye kasoro hiyo zina wapenzi wake hadi leo, ingawa wengine huzipeleka kwa fundi zikarekebishwe.

Upande wa pili wa nchi, California, Don Buchla alifuata njia nyingine. Kifaa chake kilitumia taa ndogo inayomulika kipande chenye kuhisi mwanga. Kipande hicho hakizimi mara moja mwanga unapokatika, hivyo sauti hupungua ukubwa na ukali kwa pamoja, polepole. Hivyo ndivyo vinavyofanya vitu vyote vinavyopigwa: ngoma, marimba, ubao wa mlango. Kigongo kikishagusa ngozi, zile sauti za juu hufa kwanza, na besi hubaki ikitembea chumbani. Msikilizaji wa Pwani akisikia kifaa cha Buchla kwa mara ya kwanza hudhani amesikia mti.

Basi tabia ya kichujio iko katika namna ya kuondoa: kwa haraka au polepole, kwa usafi au kwa kuacha harufu. Imo pia katika jambo la tatu, ambalo ndilo la ajabu kuliko yote, nalo ni rezonansi. Sehemu ya sauti iliyochujwa hurudishwa mwanzoni mwa saketi, na masafa yaliyo pale pale mpakani, pale upotevu unapoanza, huongezeka nguvu. Kitu kinachokaribia kuondolewa hulia kuliko vyote. Katika ngazi ya Moog kuna gharama: kadiri mpaka unavyolia, ndivyo besi inavyonywea. Na rezonansi ikizidishwa hadi mwisho, kichujio huanza kupiga mluzi chenyewe, safi na mtamu, hata kama hakuna sauti yoyote inayoingia.

Kabla ya kuona jambo hili linawahusu nini watu wa miji hii, ni lazima kupita Columbus, kwa kuwa huko chombo hiki kilitumika kusikiliza kinywa. Chuo Kikuu cha Ohio State kilianzisha idara yake ya isimu katika miaka ya 1960 chini ya Ilse Lehiste. Alizaliwa Tallinn mwaka 1922, akaikimbia Estonia mwaka 1944, akasoma Ujerumani, kisha akavuka bahari. Mkimbizi huyo alikuwa bingwa wa fonetiki akustika, na chombo cha enzi zake, spektrografu, kilikuwa kichujio kwa asili yake. Rekodi fupi ya usemi ilizungushwa tena na tena, na kila mara kichujio kilisogezwa juu kidogo na sindano ikachora kilichopita. Kichujio kipana cha hezi 300 kilionyesha umbo la irabu. Chembamba cha hezi 45 kilionyesha haramoniki mojamoja.

Karatasi hizo zilithibitisha kwamba kinywa cha binadamu kinafanya kazi kama moduli mbili. Nyuzi za sauti kooni ni osileta. Hutoa mlio wenye haramoniki nyingi, usio na herufi. Koo, ulimi na midomo ni kichujio. Mtu akitamka a, kinywa huimarisha takriban hezi 700 na 1,200. Akitamka i, hushusha ya kwanza hadi karibu 300 na kupandisha ya pili kupita 2,000. Akitamka u, zote mbili hukaa chini. Irabu tano za Kiswahili ni mikao mitano ya kichujio kimoja, iliyoachana vizuri hata mgeni hazichanganyi. Hakuna anayezaliwa na lafudhi kooni. Lafudhi ni mazoea ya kuchuja.

Na lugha sanifu nayo ni kichujio. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilisimamia usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja. Kimvita kilikuwa, na bado kina, paa la nyumba na p'aa wa porini, neno la pili likitamkwa kwa pumzi. Tahajia sanifu iliandika yote mawili kwa namna moja. Mzaliwa wa Mombasa huisikia pumzi ile. Aliyejifunza kwa kitabu hajui hata kwamba imekosekana. Katika miji tunayoizungumzia jambo hili huonekana zaidi kwa Wakongomani. Mama wa Uvira akisema mutoto mbele ya mkalimani aliyesoma Kiswahili sanifu, huenda akahesabiwa kuwa ameongeza irabu isiyostahili. Ukweli wa kihistoria ni kinyume: umbo la mu- ndilo la kale, na mtoto ndilo lililochujwa. Kosa la namna hii darasani husababisha alama mbaya. Zahanati au mbele ya hakimu husababisha mengine, kwa kuwa mgonjwa anayesahihishwa kila neno hujifunza kusema machache.

Kwa kizazi kilichofika kabla ya simu za intaneti, kulikuwa na kichujio kimoja zaidi. Simu ya kawaida ilipitisha masafa kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Sauti ya babu, ambayo msingi wake ni karibu hezi 110, haikufika. Hata hivyo hakuna aliyesema babu amepoteza besi, kwa kuwa sikio, likipata haramoniki za juu zenye uhusiano sahihi, huujenga upya msingi ambao haupo. Sikio huziba pengo bila kumwambia mwenyewe. Lakini s ilikuwa msiba. Nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000. Ikikatwa, hukaribia kuwa f. Sisi huwa fisi, sumbua huwa fumbua. Mtu mzima aliyekua ndani ya lugha hakupotea: hakuna anayepiga simu kutoka Bukavu kwa kadi ya dola tano kusema kwamba fisi wanawasalimu. Maana ilirudisha kile ambacho waya uliondoa. Mtoto aliyezaliwa Louisville, mwenye maneno mia mbili ya Kiswahili, hakuwa na hazina ya kuzibia pengo. Yeye alimsikia fisi.

Hapa ndipo tofauti kati ya upotevu wa aina mbili inapoonekana. Upo upotevu ambao sikio huutengeneza, kwa sababu uhusiano wa vilivyobaki haujavunjika, na upo ule unaotegemea ujuzi wa msikilizaji, ambao kizazi kimoja huuziba na kinachofuata hakiuzibi. Ndiyo maana wazazi wengi huapa kwamba Kiswahili nyumbani mwao ni kizima. Wanakisikia kizima kwa masikio yao wenyewe.

Rezonansi inaeleza sehemu iliyobaki. Katika jamii zinazokaribia kupoteza lugha, kuna maeneo ambamo lugha hulia kwa nguvu isiyokuwapo hata nyumbani walikotoka: salamu ndefu za harusini, shikamoo ya kijana asiyejua kuendelea baada ya marahaba, methali zilizochapwa kwenye fulana, kanga iliyotungikwa ukutani ikiwa na jina lake ambalo vijana hawawezi kulisoma. Ni mpaka unaolia. Anayeusikia kwa mbali hufurahi akidhani lugha imenawiri. Lakini besi inanywea: Kiswahili cha kugombana juu ya bili ya umeme, cha kumfokea mtoto aliyeacha mlango wazi wakati wa baridi, cha kueleza maumivu ya tumbo. Ikifika mwisho, sherehe huweza kupiga mluzi wake yenyewe, kila mwaka, siku ile ile, ukumbi ule ule, bila usemi wowote kuingia ndani yake. Mluzi huo ni mtamu, na utamu wake ndio hatari yake.

Wazigua wa Somalia wanatoa mfano mwingine. Babu zao walichukuliwa kutoka sehemu ambayo sasa ni kaskazini-mashariki mwa Tanzania katika karne ya 19, wakauzwa hadi kwenye mashamba ya mto Shebelle, na waliotoroka wakaweka makazi katika misitu ya Juba. Vita vya Somalia vikawasukuma Kenya miaka ya 1990, na kuanzia 2003 maelfu ya Wabantu wa Somalia walihamishiwa Marekani. Miji hii mitatu ni miongoni mwa iliyowapokea. Lugha yao ilipita bahari, utumwa, Kisomali na kambi. Walipokutana na Wazigua wa Handeni walielewana. Katika Juba hakukuwa na siku ya kuadhimisha Kizigua. Palikuwa na jembe, mto, mgogoro wa mpaka wa shamba, na watoto waliohitaji kuitwa warudi kabla ya giza. Walichokishika kilikuwa besi, na mengine yalijengwa upya juu yake.

Hoja hii isichukuliwe kuwa lawama kwa sherehe. Hakuna mpigaji anayezima rezonansi kabisa. Bila hiyo sauti huwa butu. Anachofanya ni kusikiliza besi kila anapoiongeza, na ikinywea, anarudisha mkono. Jambo la msingi ni kujua mkono wa nani uko kwenye kitufe. Kamati ilikuwa na mkono wake, kampuni ya simu wake, ofisa wa mchujo wake. Saa za kazi za ghala la usiku, zinazomfanya baba awaone wanawe wakiwa wamelala, nazo ni mkono, na pengine ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa huondoa usemi wenyewe kabla haujafika kwenye chujio lolote. Vilevile kuna mpaka ambao wazazi wenyewe huushusha jioni, wanapomjibu mtoto kwa Kiingereza ili mazungumzo yaishe haraka.

Nyuma ya Minimoog, kwenye chuma, kuna tundu dogo la kuingizia sauti ya nje. Mwenye ala anaweza kuziacha osileta zake kimya na kuingiza kitu kingine: gitaa, rekodi ya kanuni ya Unguja, au kanda ya bibi akisimulia hadithi kwa Kizigua. Kichujio kitaipokea, kitaikata pale kilipoamriwa, na kitaiachia harufu ya transista zake. Hakitaikataa kwa kuwa imetoka mbali. Ila kanda lazima iwepo, na kabla ya kanda, bibi lazima awe amekaa na mtu wa kumsimulia.